Babu Alikuwa Akizungumza na Nani Usiku Kucha?

SWALI: Shikamoo mzee. Babu yetu alifariki mwaka jana. Ujanani alikuwa opereta wa redio jeshini, na alipostaafu akajitengea chumba cha redio alichokuwa akijifungia usiku. Ametuachia sanduku: kibonyezo cha shaba cha kupigia Morse (zile herufi za nukta na vistari), madaftari matatu yaliyojaa herufi na namba, kadi mia kadhaa kutoka nchi nyingi, na redio moja nzito ya kijani. Hakuwa msemaji. Nikimuuliza jeshini alifanya nini, alinijibu, "Nilikuwa nasikiliza," basi. Naomba unieleze maisha yake yalikuwaje, usiku ule alikuwa akizungumza na nani, na vitu hivi nivifanyeje. Mimi naweza kujifunza?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Poleni kwa msiba.

Babu yako hakukukwepa. "Nilikuwa nasikiliza" ni jibu kamili, ila humfungukia yule aliyewahi kukalia kile kiti. Nami nimekikalia miaka mingi, jeshini kwanza na nyumbani baadaye, kama yeye.

Watu wakimfikiria opereta wa jeshi humwona mtu ameshika maiki anapaza sauti huku risasi zinalia. Saa hizo zipo, na aliyezipitia hazisahau. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ni zamu: hedifoni masikioni, penseli mkononi, taa ndogo, na kuandika asichokielewa. Ujumbe wa siri husimbwa kabla haujafika mezani kwake. Ukimfikia ni makundi ya herufi tano tano, QXVTB HRLMO na kuendelea, ukurasa mzima, na huko unakokwenda utafumbuliwa na mtu mwingine katika chumba kingine. Opereta ni mfereji. Maji hupita bila yeye kuyaonja.

Na ugumu uko hapo hapo. Anayepokea maneno ya kawaida akikosa herufi moja hukisia, maana "ke-ho" haiwezi kuwa kitu kingine ila kesho. Kwenye makundi hakuna kukisia. Herufi iliyokupita imekupita, na pengine ndiyo iliyobeba saa ya kuondoka au idadi ya majeruhi. Hivyo unajizoeza kutotaka kuelewa. Sikio linasikia, mkono unaandika, akili inakaa kando. Opereta aliyeiva huandika herufi tatu au nne nyuma ya ile inayosikika wakati huo, mkono wake ukiifuata sauti kwa mbali kidogo, na ukimsemesha katikati anaweza kukuitikia kwa kichwa bila kukosa hata nukta.

Mimi mwanzoni nilikuwa mbovu. Herufi zote nilizijua, lakini zilinikimbia kwa sababu kila iliyonipita niliisikitikia, na nikiwa katika masikitiko zinapita nyingine tano. Siku moja mkufunzi alisimama nyuma ya kiti changu akaniinamia: "Yaliyopita si ndwele. Weka kistari, andika inayokuja." Sikuwahi kufikiri methali ile ilitungwa kwa ajili ya redio, lakini tangu siku hiyo ndiyo iliyonishika mkono.

Kasi hupimwa kwa maneno kwa dakika, na neno la kupimia ni PARIS, kwa kuwa ukijumlisha nukta, vistari na nafasi zake hadi neno linalofuata unapata vipimo 50 kamili. Kistari kina urefu wa nukta 3, nafasi ya kati ya herufi ni nukta 3, ya kati ya maneno ni 7. Kwa maneno 20 kwa dakika, nukta moja huchukua sehemu 6 za mia za sekunde. Ndani ya muda huo mfupi ndimo babu yako alimoishi zamu zake zote.

Sasa kuhusu mkono. Hakuna watu wawili wanaobonyeza sawasawa. Mmoja hurefusha kistari cha mwisho, mwingine hubana nafasi akikaribia kumaliza, mwingine hupiga kama anayetembea na mguu mbovu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa na idara ya kusikiliza redio za adui iliyoitwa Y Service, ambamo wanawake wengi walitumikia, na wasikilizaji wake waliweza kumtambua opereta wa Kijerumani kwa mkono wake tu hata alama yake ya wito, yaani herufi na namba zinazomtambulisha hewani, ilipobadilishwa. Ujumbe wenyewe ulikuwa bado fumbo, lakini mkono ule ule ukisikika leo kutoka mahali pengine, mtu alijua kikosi kimehama.

Kwa hiyo opereta wa jeshi hufundishwa kuogopa mkono wake mwenyewe. Kila anapobonyeza anajitangaza. Mitambo ya kutafuta mwelekeo, miwili au mitatu iliyowekwa mahali tofauti, inaweza kumwonyesha alipo. Ndiyo sababu ujumbe hufupishwa, alama za wito hubadilishwa mara kwa mara, na ikitolewa amri ya kimya cha redio kibonyezo hakiguswi kabisa. Unaisikia makao makuu, unawasikia wenzako, unamsikia hata adui, nawe huruhusiwi kutoa hata nukta moja ya kusema upo. Siku zinapita hivyo. Sasa rudi kwenye jibu la babu.

Kuna mzigo pia, ambao sitauelezea sana kwa kuwa ni mzigo tu: redio mgongoni, betri za akiba, waya wa antena, na kupanda kilima kwa sababu mawimbi yanakitaka kilima. Ila nikuachie picha moja. Redio ya Kimarekani AN/GRC-9 iliweza kuendeshwa kwa jenereta ya kuzungusha kwa mikono. Mmoja alibonyeza, mwingine alizungusha, na kila kibonyezo kiliposhuka mpini ulikuwa mzito. Yule mzungushaji aliusikia ujumbe mabegani mwake, kistari kwa kistari.

Tuje nyumbani, kwenye kile chumba.

Fikiria mtu aliyekaa miaka hivyo: anaandika asichoelewa, anatumia jina lisilo lake, anaogopa kutambuliwa, na mara nyingi haruhusiwi kujibu. Kisha anastaafu na kupata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kujifurahisha bila malipo, na sheria inamgeuzia kila kitu. Kanuni za Redio za kimataifa zinakataza wanaridhaa wanaowasiliana kutoka nchi moja hadi nyingine kusimba ujumbe ili maana yake ifichike. Biashara hairuhusiwi. Alama yake ya wito si ya kubadilishwa kila siku. Ni yake, anaitangaza kila anapoongea, na aghalabu huzeeka nayo. Mkono ambao zamani ulikuwa hatari sasa ndio uso wake, na marafiki humtambua kabla hajamaliza kujitaja. Vidole ni vile vile na masikio ni yale yale, lakini kwa mara ya kwanza anaruhusiwa kuelewa anachosikia na kujibu kwa jina lake. Mimi nilipofanya mawasiliano yangu ya kwanza ya ridhaa, mtu wa mbali aliniuliza hali ya hewa. Ilinichukua muda kuamini kwamba naruhusiwa kumwambia.

Alikuwa akizungumza na nani? Na yeyote aliyeitikia. Alituma CQ, maana yake "naita kituo chochote," kisha alama yake ya wito, kisha akasikiliza. Zile kadi ndizo ushahidi. Zinaitwa kadi za QSL, na kila moja inathibitisha mazungumzo mamoja. Herufi za mwanzo za alama ya wito hutaja nchi: F ni Ufaransa, G ni Uingereza, JA ni Japani, W na K ni Marekani. Wengine hukusanya nchi kama mtu akusanyavyo stempu, na orodha wanayoifuata wengi leo ina nchi na visiwa 340. Lakini zitazame kadi zenye alama moja inayojirudia mwaka baada ya mwaka. Huyo hakuwa wa kukusanywa. Huyo alikuwa rafiki.

Madaftari utayasoma ukijua utaratibu wake. Utakuta mstari kama huu: tarehe, 2114, 14.025, alama ya wito, 579, 559, QSB, 73. Ile 2114 ni saa tatu na dakika 14 usiku, lakini ni ya majira ya dunia yanayohesabiwa kutoka Greenwich, si saa ya ukutani kwenu. 14.025 ni masafa, kwa megahezi. 579 ni hali ya mawimbi aliyompa mwenzake: tarakimu ya kwanza, kuanzia 1 hadi 5, inasema yanasomeka kiasi gani, ya pili, hadi 9, inasema yana nguvu gani, ya tatu, hadi 9 pia, inasema mlio wake ni safi kiasi gani. 559 ni aliyopewa yeye. Ufupisho unaoanza na Q ni wa tangu enzi za telegrafu za meli, ulikubaliwa kimataifa London mwaka 1912: QSB mawimbi yanafifia na kurudi, QRM vituo vingine vinaingilia, QRN kelele za radi, QTH mahali nilipo. Na 73 ni salamu njema, ya kuagana.

Kama daftari moja lina makundi ya herufi tano tu, bila alama za wito wala masafa, huenda ni la mazoezi. Usikeshe ukijaribu kulifumbua. Ujumbe uliosimbwa kwa ufunguo wa nasibu, wenye urefu sawa na ujumbe na uliotumika mara moja tu, haufumbuliki, hata kwa kompyuta.

Kwa nini usiku? Kazi iliyomjaza mchana ni sababu mojawapo, lakini sababu kubwa iko angani. Juu yetu kuna tabaka za hewa zilizochajiwa na jua, ionosfea. Tabaka la chini linaloitwa D huyameza mawimbi ya megahezi 3.5 na 7 mchana kutwa. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na lile la juu, F, lililo kilomita 200 hadi 400 kutoka ardhini, hubaki likiyapinda mawimbi yale yale na kuyarudisha ardhini mbali sana. Giza likiingia dunia inasogea. Masafa ya juu zaidi, kama megahezi 28, yana tabia nyingine. Hutegemea madoa ya jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Yalifika kilele karibu na miaka ya 1979, 1989 na 2001. Fungua madaftari kwenye miaka hiyo uone kama babu hakuhama kwenda huko juu. Nitashangaa kama hakuhama.

Elimu hii ya mawimbi mafupi, ambayo jeshi liliitegemea miongo mingi, ilipanuliwa sana na watu wa ridhaa. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukumia kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 na chini yake, yaliyodhaniwa hayana faida. Huko walikotupwa wakagundua hazina. Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy alizungumza na Fred Schnell na John Reinartz wa Marekani, kuvuka Atlantiki, kwenye mawimbi ya mita kama 100. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya pande mbili ya wanaridhaa kuvuka bahari ile. Redio ya kijani iliyo sandukuni mwenu ni kilembwe wa usiku ule.

Vita ikija, serikali huwanyamazisha wanaridhaa kwanza. Hata mimi ningefanya hivyo. Uingereza ilizifunga redio zao mwaka 1939. Kisha ikawarudia baadhi yao kimyakimya, ikawaomba wakae majumbani na kusikiliza tu, waandike makundi ya herufi waliyoyasikia na kuyapeleka kwa posta. Waliapishwa kutosema. Wapo waliokufa bila familia zao kujua walikuwa wakifanya nini kwenye vile vyumba vya uani. Nakutajia hili kwa sababu ya ukimya wa babu yako. Opereta hukatazwa kusema kwa muda mrefu mpaka kutosema kunakuwa tabia, na siri ikishapitwa na wakati tabia inabaki.

Lakini sitaki udhani ridhaa ni kupiga soga tu. Desemba 2004 kundi la wanaridhaa wa India likiongozwa na Bharathi Prasad lilikuwa visiwa vya Andaman, limekwenda kwa furaha, kuwapa wenzao duniani nafasi ya kuzungumza na mahali ambapo redio za ridhaa zilikuwa zimenyamaza miaka mingi. Asubuhi ya tarehe 26 tsunami ikaja. Simu zikakatika. Kituo kile cha starehe kikageuka siku hiyo hiyo kuwa njia ya kupeleka habari bara: nani yu hai, nani anatafutwa, nini kinahitajika. Hawakuwa na haja ya kujifunza kitu kipya. Kusikiliza kwenye kelele, kuandika sawasawa, kurudia namba, kungoja zamu; haya walikuwa wakiyafanya kila wiki kwa kujifurahisha.

Sasa vitu vyenyewe. Redio ya kijani usiichomeke kwenye umeme. Narudia, usiichomeke ili kuona tu kama inawaka. Kama ni ya valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani, ndani yake mna mamia ya volti, na kapasita zake zinaweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Kapasita kuukuu zikipewa umeme ghafla hupasuka na kuharibu vilivyokuwa vizima. Na kama sahani za mita zake zina rangi iliyopakwa ili kung'aa gizani, usiikwangue wala usifungue kioo: baadhi ya redio za zamani za kijeshi zilipakwa radiamu, na vumbi lake ni hatari. Mwite fundi anayezijua redio za valvu. Ikishapona utaruhusiwa kusikiliza, ila usirushe mawimbi bila leseni.

Kadi na madaftari usiyatenganishe. Watakuja watu wanaotaka kununua kadi nzuri nzuri, waambie wasubiri. Na kabla ya lolote, tafuta chama cha wanaridhaa cha nchi yenu, uwape alama ya wito ya babu na tarehe aliyofariki. Aliyekufa miongoni mwetu huitwa "kibonyezo kilichonyamaza", na kifupi chake, SK, hufanana na ishara ya kufunga mazungumzo: di-di-di-da-di-da. Majina hayo husomwa na kuandikwa. Huenda yule wa kadi zinazojirudia bado anamwita saa ile ile ya kila wiki, hajui kwa nini hajibiwi.

Kujifunza unaweza, na Morse si lazima tena. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliliacha sharti la mtihani wa Morse mikononi mwa kila nchi, na nyingi zimeliondoa. Unaweza kusoma nadharia, ukapata leseni, ukaongea kwa sauti. Unaweza pia kutumia FT8, njia ya kuwasiliana kwa kompyuta iliyotoka mwaka 2017 kwa kazi ya Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia wa mwaka 1993, na mwenzake Steve Franke. Kompyuta hutuma na kupokea kwa vipindi vya sekunde 15 na kusikia ambacho sikio haliwezi. Siidharau, nimeitumia. Lakini wewe umeniuliza habari za babu, na babu alikuwa mtu wa sikio, kwa hiyo nakushauri Morse.

Usianze kwa kukariri chati ya nukta na vistari. Atakayejifunza kwa macho huja kukwama, kwa sababu kila sauti inabidi aitafsiri mara mbili. Fuata njia ya Mjerumani Ludwig Koch: anza na herufi mbili tu, K na M, kwa kasi kamili ya maneno kama 20 kwa dakika. Ukizipata sawasawa mara tisa kati ya kumi, ongeza ya tatu. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, kila siku. Saa tatu za Jumamosi hazifui dafu. Kuna programu nyingi za bure za kufanyia hivi. Kibonyezo usikishike miezi ya mwanzo. Mkono hujifunza kutoka kwa sikio, na ukiuanza mkono mapema utapiga vibaya maisha yako yote. Ukizimudu herufi zote, sikiliza usiku kwenye megahezi 7.000 hadi 7.040. Mwanzoni ni mvua ya kelele. Baada ya wiki kadhaa utasikia mtu mmoja ndani ya mvua.

Na kibonyezo chenyewe, tafadhali usiguse skrubu. Zile mbili ndogo zinapanga pengo la pale shaba inapokutana na shaba, na ugumu wa springi. Kila opereta huzipanga kufuata kifundo cha mkono wake, na akishaziweka sawa huzikaza asizirudie kwa miaka. Pengo ulilokuta ni la babu yako, na ndilo lililobaki la mkono wake. Chukua kipande cha karatasi safi, kipitishe taratibu katikati ya pengo, kibane kidogo, ukivute. Kitatoka na weusi. Rudia mpaka kitoke cheupe. Kisha weka vidole juu ya kichwa cha kibonyezo bila kukibonyeza, ujue kilikuwa kikingoja uzito wa kiasi gani.